Marehemu Ameingia Saa Tisa

Kazi yangu haina jina zuri kwa Kiswahili cha nyumbani.
Mama, huko Ipuli, huwaambia majirani:
anafunga milango isiyoonekana.
Sijamsahihisha.

Ushirika wetu wa asali una mizinga elfu sita
porini, kuanzia Ipole na kuendelea,
na una chumba kimoja chenye feni, nyuma ya stesheni ya Tabora,
ambamo mizinga yote imetundikwa mara ya pili,
safari hii kwa namba: mti gani, wa nani, kilo ngapi, anadaiwa nini.
Mwizi wa asali zamani alihitaji moshi na ujasiri.
Siku hizi anahitaji neno la siri.

Ndiyo maana nimegawa macho.
Kashindye wa mizani anaona uzito, bei haioni.
Mhasibu anaona bei; mti uko wapi, hajui.
Bwana nyuki anaijua miti yote, madeni hayamhusu.
Meneja alikuja na soda baridi, akaiweka mezani,
akasema, "Mimi ndiye mwenye nyumba. Nipe funguo zote."
Nikamjibu, "Mwenye nyumba ni wanachama, bosi.
Wewe una chumba. Kikubwa, chenye dirisha."
Soda niliinywa.

Jumatatu nasoma daftari la maingilio,
lile asilolisoma mtu mpaka kitu kipotee,
nakuta:
Nkwabi Mihayo. Ameingia. Saa tisa na dakika nane usiku.

Nkwabi tulimzika Mei, mvua zikiaga.
Koleo nilishika mwenyewe.
Sasa ni Julai, kipupwe kinang'ata masikio,
naye kaingia.

Niliogopa, lakini si mzimu.
Niliogopa uzembe wangu. Mtu akiondoka
ruhusa zake huondoka jioni ileile:
kanuni hiyo niliiandika kwa mkono huu,
na ilipofika zamu ya Nkwabi mkono ukagoma,
nikasema kesho, nikasema baada ya arobaini.

Nikafuata nyayo. Mara kumi na moja tangu msiba.
Hakufungua faili. Hakunakili bei, hakugusa mti.
Dakika nne, tano, kisha anatoka.
Mwizi gani huyu, anaingia stoo ya asali
anasimama mlangoni
asilambe hata kidole?

Jioni nikaenda Isevya, kwa mjane.
Bi Nyanzala hakukana. Alitoa simu ya mumewe, kioo kimepasuka.
"Neno lake la siri ni jina la ng'ombe wa mahari yangu.
Nikiliandika, yanatokea maneno ya kijani:
Karibu tena, Nkwabi.
Basi. Nayasoma, nayasoma, nazima.
Huku mtaani kila mtu anamwita marehemu.
Kwenu bado ana jina."

Nikanywa uji wake wa karanga, nikitafuta pa kuanzia:
kwamba neno alijualo mmoja leo, kesho wanalijua watatu,
mtoto, fundi simu, mnunuzi mwenye begi jeusi;
kwamba nyuma ya yale maneno ya kijani
kuna madeni ya watu, na miti yao.
Akanikatiza.
"Mzinga usio na mwenyewe, kila apitaye hutia mkono.
Najua. Kafunge."

Nimerudi ofisini usiku. Treni ya Kigoma inapiga honi ikiondoka.
Mtambo unaniuliza: Una uhakika?
Humuuliza hivyo kila mtu,
hata anayefuta namba ya ndoo iliyotoboka.
Nabonyeza ndiyo.

Imebaki kujaza sababu. Nafasi ni ya herufi arobaini.
Nimeandika amefariki, nikafuta.
Nimeandika amestaafu. Uongo.
Feni inazunguka, simu ya meneja inaita, siipokei.
Mwishowe nikaandika: Mkewe ameridhia.
Zikabaki herufi ishirini na tano.
Sikuzijaza.